Umeimeza, Sasa Imeng'enye: Mwongozo kwa Aliyenunua Kampuni ya Teknolojia

Jumapili moja saa tano usiku nilikuwa kwenye ofisi fulani Dar es Salaam, watu wanne tumeinamia skrini moja. Programu ya madereva wa kusambaza bidhaa ilikuwa imegoma kwenye simu zote, kwa sababu cheti cha usalama cha seva kilikuwa kimeisha muda mchana wa siku ile. Kukihuisha ni kazi ya dakika kumi. Nenosiri tulikuwa nalo. Tukaliingiza, mfumo ukajibu kwamba umetuma namba ya uthibitisho kwa njia ya simu.

"Simu ya nani?" akauliza mhasibu mkuu, mama mmoja asiyependa maneno mengi.

"Ya yule kijana aliyeacha kazi, mama."

"Si mpigie basi, mwanangu."

Kijana alikuwa harusini Mwanza, simu imezimwa. Programu ilirudi hewani Jumatatu saa nne asubuhi, malori yakiwa bado yamejipanga uani na madereva wanacheza drafti.

Miezi mitano kabla ya hapo, kampuni ile ilikuwa imekinunua kikampuni kilichotengeneza programu hiyo. Hisa zote zilihamishwa, BRELA, wakala wa usajili wa kampuni Tanzania, wakasajili mabadiliko, keki ikakatwa. Kwa karatasi kila kitu kilikuwa chao. Kwa vitendo, teknolojia ilikuwa mfukoni mwa kijana aliyekwenda harusini.

Mwongozo huu ni wa mtu anayekabidhiwa kazi baada ya keki kukatwa, au mwenye bahati ya kukabidhiwa kabla. Sitagusa namna ya kupanga bei ya hisa. Hilo wanasheria na wahasibu wanaliweza. Nitashughulika na kile kinachobaki wakishaondoka, yaani kuigeuza teknolojia uliyoinunua iwe kitu ambacho watu wako wanaweza kukitengeneza, kukibadilisha na kukiuza bila kumpigia mtu simu usiku.

Hatua ya 1: Taja kwa jina kitu unachonunua

Chukua karatasi moja, andika sentensi moja. "Tunanunua programu" haitoshi. Je, unataka msimbo, yaani maandishi yanayoiendesha programu? Wateja? Leseni? Minara? Wahandisi watatu ambao ungehangaika mwaka mzima kuwapata sokoni? Kila jibu lina kazi yake baadaye, na ukichanganya utajikuta umelipia ng'ombe mzima kwa sababu ya ngozi.

Mfano mzuri uko Kenya. Mwaka 2014 mtandao wa yuMobile, uliokuwa mali ya Essar ya India, uliondoka sokoni. Hakuna aliyeununua mzima. Airtel ilichukua wateja, Safaricom ikachukua mtandao wenyewe na miundombinu yake. Mmoja alikuwa na uhaba wa wateja, mwingine alikuwa anakimbizana na mahitaji ya minara na masafa. Kila mmoja alijua anachotaka, na mezani pakapatikana njia ya kukigawa.

Wakurugenzi wakishindwa kukubaliana juu ya sentensi hiyo moja, simama hapo kwanza. Nimeona bodi ambayo mwenyekiti alidhani ananunua wateja, mkurugenzi wa teknolojia anadhani ananunua msimbo, na mkuu wa rasilimali watu ameshapanga nani apunguzwe. Waliopunguzwa ndio walioujua msimbo.

Hatua ya 2: Jipime mwenyewe kabla ya kumpima muuzaji

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ningelazimishwa kubakiza moja tu ningebakiza hii.

Mwaka 1990 watafiti wawili wa Marekani, Wesley Cohen na Daniel Levinthal, walitoa hoja ambayo hadi leo ndiyo msingi wa mjadala huu: uwezo wa kampuni kusharabu maarifa kutoka nje unategemea maarifa ambayo tayari yako ndani. Anayejua kidogo kuhusu jambo hujifunza lililobaki upesi. Asiyejua lolote hata hajui aulize nini. Kwa hiyo fedha unazotumia kuwafundisha watu wako leo zinafanya kazi mbili: zinakupa kazi ya leo, na zinakupa tumbo la kumeng'enya utakachonunua kesho.

Tazama M-PESA. Aprili 2020 Safaricom na Vodacom zilikamilisha kununua kutoka Vodafone ya Uingereza jina la M-PESA pamoja na kazi za kuiendeleza huduma na kuutunza mfumo wake. Wakala wa Kigamboni au Kisumu hakuwa na jipya la kujifunza siku ile. Ununuzi ulikuja mwishoni mwa safari ndefu. Safaricom ilikuwa inaiendesha huduma tangu Machi 2007, Vodacom Tanzania tangu 2008. Mwaka 2015 seva za Kenya zilikuwa zimeshahamishwa kutoka Ujerumani kuletwa nyumbani pamoja na mfumo mpya. Miaka 13 ya kuhangaika na mawakala, salio lisilolingana, laini zilizopotea na miamala iliyokwama ilikuwa imewafundisha karibu kila kitu kabla hawajawa wenye mali.

Wewe huna miaka 13, lakini unaweza kuwa na miezi sita. Fanya hivi:

- Chagua wafanyakazi wako wawili watakaoipokea teknolojia hii. Wawe na majina, si "idara ya TEHAMA". Wawili, kwa sababu mmoja ataugua au atapata kazi benki.
- Wape muda na fedha wajenge toleo dogo baya la kitu kilekile. Halitauzwa. Lengo ni wagonge ukuta ambao muuzaji aliugonga, wajue maswali magumu yako wapi.
- Kama inawezekana, anza na kandarasi ya kawaida: mpe muuzaji kazi moja ya kulipwa, watu wako wakae naye. Ni uchumba kabla ya mahari.

Ukikosa hata watu wawili wa kuwachagua, hilo nalo ni jibu. Lipia huduma kama mteja, usinunue kampuni.

Hatua ya 3: Fanya jaribio la kompyuta mpya

Ukaguzi wa kawaida huomba nyaraka: michoro ya mfumo, orodha ya seva, mikataba. Omba, lakini usilale juu yake. Nyaraka za kampuni ndogo mara nyingi huandikwa wiki ile ulipoziomba.

Jaribio ninalolitegemea linahitaji kompyuta mpakato iliyotoka dukani, haina kitu ndani. Mkalishe mmoja wa wale wawili wako. Mpe nyaraka zote za muuzaji, kisha mwambie aujenge mfumo mzima uwake kwenye kompyuta hiyo. Aliyeuandika mfumo akae pembeni, mdomo ameufunga. Kila mtu wako anapokwama mpaka amuulize, swali linaandikwa kwenye daftari: saa, swali, jibu.

Mara ya kwanza nilipofanya hivi tulifikisha maswali 31 kabla ya chakula cha mchana. Swali la 4 lilikuwa faili la mipangilio lililokuwa kwenye kompyuta ya mtu binafsi, halipo popote pengine. Swali la 17 lilifichua kwamba hesabu za kila jioni kati ya mfumo na pesa za simu zinalinganishwa na dada mmoja wa ofisini, kwa mkono, kwenye jedwali, kwa sababu miamala inayovuka saa sita usiku huhesabiwa mara mbili. Hakuna aliyekuwa amelitaja. Walishazoea. Dada mwenyewe hakuwemo kwenye orodha ya "watu muhimu" iliyopelekwa kwa bodi.

Daftari lile ndilo ramani yako. Kila swali ni maarifa yaliyo kichwani mwa mtu na hayapo kwenye mali uliyoinunua. Lihifadhi, tutalirudia.

Siku hiyohiyo kusanya funguo. Fanya kama mtu anayehamia nyumba iliyokuwa na mpangaji: usihesabu milango uliyoonyeshwa, zunguka nyumba. Jina la tovuti limesajiliwa kwa baruapepe ya nani? Akaunti ya duka la programu za simu ni ya kampuni au ya mwanzilishi? Namba fupi ya huduma na makubaliano na kampuni za simu viko kwa jina gani? Seva za wingu, yaani zile mnazokodi kwa njia ya mtandao, zinalipiwa kwa kadi ya nani, na kadi hiyo inaisha lini? Namba za uthibitisho zinaingia kwenye laini ipi? Nunua laini ya kampuni, isajili kwa jina la kampuni, hamishia uthibitisho wote hapo, kisha iweke simu hiyo kwa mtu wa zamu. Lile tukio la harusi lingezuiwa na laini moja.

Uliza pia kila mstari wa msimbo uliandikwa na nani. Kampuni ndogo nyingi zilimlipa kijana wa chuo kwa kazi moja, bila karatasi. Mtafute, asaini kwamba haki amezikabidhi, kabla ya siku ya kufunga mkataba. Baada ya habari kutoka gazetini, bei ya saini yake itapanda.

Hatua ya 4: Washike watu, na uwashike kwa adabu

Cisco ya Marekani, inayotengeneza vifaa vya mitandao ya kompyuta, imekua kwa kununua kampuni tangu ilipoichukua Crescendo Communications mwaka 1993, na kutoka humo ikapata swichi za Catalyst, vifaa vinavyounganisha kompyuta kwenye mtandao mmoja, zilizoiletea fedha nyingi kwa miaka. Ilipoinunua Crescendo ilikubali sharti lililokuja kuitwa kanuni ya Mario, kwa jina la Mario Mazzola aliyekuwa akiiongoza kampuni hiyo: mfanyakazi wa kampuni iliyonunuliwa haachishwi bila idhini ya wakuu wote wawili, wa Cisco na wa kampuni iliyomezwa. Mazzola mwenyewe alibaki Cisco kwa miaka mingi.

Kwa kampuni zetu ningeshauri hivi. Sehemu ya bei, mimi hupendelea robo, ishikiliwe na ilipwe vipande vipande kadiri maarifa yanavyohama. Usiifunge kwa tarehe peke yake. Mtu aliyeambiwa "ukikaa miezi 18 utalipwa" atakaa miezi 18, mikono mfukoni. Ifunge kwa kazi: maswali ya daftari yamepungua mpaka yapi, watu wako wamezima na kuwasha mfumo peke yao mara ngapi.

Na usimsahau yule dada wa jedwali. Waanzilishi wana hisa, wana wanasheria. Yeye ana mkataba wa mwaka mmoja na mshahara ambao mtu wa rasilimali watu ataulinganisha na ngazi zenu na kuushusha. Nenda kwa kila mtu mmoja mmoja ndani ya wiki ya kwanza, umwambie mambo matatu: kazi yako ipo au haipo, bosi wako ni nani, mshahara wako ni kiasi gani. Ukimwambia "tutaona", ameshasikia "tafuta kwingine". Wazuri ndio wanaopata kwingine kwanza.

Kuhusu vyeo, epuka kuwapa wote "meneja". Mhandisi mzuri uliyemfanya meneja umempoteza hata kama bado anaingia getini kila asubuhi.

Hatua ya 5: Amua kina cha kuunganisha

Kuna namna tatu: kuimeza kabisa, kuiacha ijiendeshe chini ya paa lako, au kuunganisha nyuma (kazi za ndani) na kuacha mbele (kile anachokiona mteja) kama ilivyo. Chaguo linatokana na sentensi ya hatua ya 1. Ukinunua wateja, meza. Ukinunua wabunifu ambao bidhaa yao bado inakua, waache mbele, unganisha mishahara, hesabu na ulinzi tu. Amua mapema na uitangaze. Kinachoua ni kuunganisha nusunusu, ambapo kila mfumo una kaka yake na hakuna anayejua upi utakufa.

Usianze kuunganisha kabla ya idhini. Tanzania kuna Tume ya Ushindani, Kenya kuna Mamlaka ya Ushindani, na dili linalovuka mipaka linaweza kuangukia COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambako Kenya na Uganda zimo lakini Tanzania haimo. Kuhusu daftari la wateja, soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 au Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 kabla hujalihamisha. Mteja alimpa namba yake yule, hakukupa wewe.

Hatua ya 6: Hamisha mfumo kama anayehamisha nyuki

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo twende taratibu, na tuitazame mifano miwili pamoja.

Benki ya Sabadell ya Hispania ilinunua benki ya TSB ya Uingereza mwaka 2015 kwa takriban pauni bilioni 1.7. TSB ilikuwa bado inatumia mifumo ya Lloyds, mwenye mali wa zamani, na ilikuwa inailipia. Mpango ulikuwa kuhamia kwenye mfumo uliojengwa juu ya ule wa Sabadell. Tarehe ya kwanza ilikuwa Novemba 2017, ikasogezwa. Hatimaye, wikendi ya 20 hadi 22 Aprili 2018, taarifa za wateja milioni 5.2 zilihamishwa. Data yenyewe ilifika salama. Jukwaa lililoipokea ndilo lililoanguka. Hadi wateja milioni 1.9 walifungiwa nje ya akaunti zao, wengine wakaona salio zisizo zao. Hali haikurudi ya kawaida mpaka Desemba 2018. Mtendaji mkuu wa TSB aliondoka Septemba mwaka huo, na mwaka 2022 wasimamizi wa Uingereza waliitoza TSB faini ya pauni milioni 48.65, mbali na pauni milioni 32.7 zilizolipwa wateja kama fidia.

Uchunguzi huru ulikuta mambo ambayo mtu yeyote aliyewahi kuhamisha mfumo atayatambua. Sehemu kubwa ya kazi ilipangwa iishe kwa mkupuo mmoja. Vituo vya data vilikuwa viwili, jaribio la mzigo, la kuona kama mfumo unahimili wateja wengi kwa pamoja, likafanyika kwenye kimoja tu; mipangilio ya vile viwili haikufanana, na hilo likajulikana wateja wakiwa tayari mlangoni. Kazi ilipitia mikono ya wakandarasi wadogo wengi. Na tarehe ilipangwa kwanza, kisha kazi ikapimwa iingie ndani ya tarehe.

Sasa Instagram. Facebook ilitangaza kuinunua Aprili 2012 kwa dola bilioni 1, ikiwa na wafanyakazi 13. Haikuhamishwa mara moja. Kazi ya kuitoa kwenye seva za Amazon kuipeleka kwenye vituo vya Facebook ilianza mwaka 2013 na kuchukua takriban mwaka, watumiaji wakiendelea kupakia picha. Kulikuwa na kikwazo kidogo cha kuudhi: anwani za ndani za seva za Amazon ziligongana na zile za Facebook, kama mitaa miwili yenye namba zilezile za nyumba. Wahandisi hawakulazimisha. Walihamia kwanza kwenye eneo la faragha ndani ya Amazon hiyohiyo, mambo yakatulia, ndipo wakavuka kwenda Facebook. Safari mbili badala ya moja, na picha takriban bilioni 20 zikafika.

Kutokana na hayo, utaratibu ninaoutumia:

Endesha mifumo miwili sambamba, wa zamani ukiwa ndio wenye neno la mwisho. Kila jioni linganisha matokeo. Usiendelee mpaka yalingane siku 14 mfululizo, zikiwemo siku za mwisho wa mwezi, maana huko ndiko mashetani hulala.

Hamisha wafanyakazi wako kwanza. Kisha tawi moja dogo lenye meneja mkali anayelalamika. Huyo ni dhahabu.

Jaribu kila seva itakayofanya kazi, si mwenzake anayefanana naye.

Andika saa ya kurudi nyuma: "Ikifika saa kumi alfajiri na jambo fulani halijafanya kazi, tunarudi kwenye mfumo wa zamani." Iandike mapema, mchana, mkiwa mmeshiba. Saa kumi alfajiri kila mtu huamini zimebaki dakika 20. Na jaribuni kweli kurudi nyuma mara moja kabla ya siku yenyewe. Nakala rudufu ambayo haijawahi kurejeshwa ni dua tu.

Siku yenyewe ya kuhama, epuka mwisho wa mwezi, sikukuu, na wiki ya mishahara.

Hatua ya 7: Pima mmeng'enyo, usisubiri mizania

Hesabu za mwaka huchelewa kusema. Microsoft ilikamilisha kununua biashara ya simu ya Nokia Aprili 2014; Julai 2015 ilitangaza kufuta vitabuni thamani ya takriban dola bilioni 7.6 na kuondoa nafasi za kazi zisizozidi 7,800. Takwimu zinapofika gazetini, tatizo lina mvi.

Kila mwezi angalia vitu vichache. Hitilafu zilizotokea, na ngapi zimetatuliwa na watu wako peke yao. Mabadiliko mapya ya bidhaa, na nani ameyaandika. Waliokuja na kampuni, wangapi bado wapo. Na malipo ya mifumo miwili: tarehe ya kuuzima ule wa zamani imesogezwa mara ngapi? Ikisogezwa mara ya tatu, nenda ukaulize nani bado anautumia kimyakimya. Huwa yupo, na huwa ana sababu nzuri.

Kila baada ya miezi mitatu rudia jaribio la kompyuta mpya. Mtu tofauti, kompyuta tupu, nyaraka zilizopo siku hiyo, daftari lilelile. Pale kwenye maswali 31, duru ya pili yalikuwa 19, ya tatu 11, ya nne 4. Kati ya hayo manne, mawili yalikuwa kuhusu nenosiri la intaneti ya ofisini. Aliyekaa kwenye kiti safari hiyo alikuwa yule dada wa jedwali.